Colin Chapman: Chali wa Garaji ya Nyuma ya Nyumba Aliyebadilisha Venye Injini Hufungwa Kwa Gari

Kama umewahi kufika Oldonyiro, kule Isiolo karibu na mpaka wa Laikipia, barabara yake unaijua. Ni vumbi, mawe, na laga ambayo mvua ikinyesha huko juu inakukatia safari bila kukuuliza. Siku ya soko la mifugo lori zinajipanga, mbuzi wanapakiwa, na huwezi kosa Land Rover moja ya kitambo imelala chini ya mgunga. Fundi ako chini yake, giaboksi iko kwa gunia, na nati zimepangwa kwa kifuniko cha ndoo.

Huyo fundi hana duka la spea karibu. Kama giaboksi ya hiyo gari imekufa, anatafuta ingine kwa gari ingine iliyokufa, anakata, anawelda, anatoboa, anaifunga. Jioni mzigo unaondoka. Ukimwita injinia atakucheka, lakini kazi anayofanya ndio ilianzisha moja ya majina makubwa kabisa kwa dunia ya magari.

Hilo jina ni Lotus. Na jamaa mwenyewe ni Colin Chapman, Mwingereza aliyededi mwaka wa 1982 akiwa na miaka 54 tu. Kaa hapo nikupee stori yake, juu iko na somo kwa kila mtu anayeota kujenga kitu na mikono yake. Na nakuambia mapema, hii si ile stori ya mtu kutoka chini akaomoka wote wakafurahi. Iko na mazishi ndani.

Mtoto wa baa aliyependa kuuza magari

Chapman alizaliwa tarehe 19 Mei 1928 pale Richmond, lakini akakulia Hornsey, mtaa wa kaskazini mwa London. Mbuyu wake alikuwa anaendesha baa iliyoitwa Railway Hotel. Akiwa kijana akaingia University College London kusomea uinjinia wa majengo. Ndio, majengo. Si magari. Weka hiyo kwa akili, tutairudia.

Saa za masomo zikiisha, na wakati mwingine hata kabla ziishe, Chapman alikuwa broka wa magari. Vita ya pili ya dunia ilikuwa imeisha juzi, magari mapya hayapatikani, na kila mtu anataka kitu chochote chenye magurudumu manne. Akanunua, akauza, akapata chapaa. Halafu mwishoni mwa 1947 serikali ya Uingereza ikaondoa mgao wa petroli wa raia wa kawaida. Fikiria uko na yadi ya magari halafu asubuhi unaambiwa hakuna mafuta. Bei zilianguka. Chapman akauza kwa hasara mpaka akabaki na gari moja ambayo hakuna mtu aliitaka, Austin Seven kuukuu.

Wengi hapo tungekaa chini tulie. Yeye akaichukua hiyo Austin mpaka garaji ndogo nyuma ya nyumba ya wazazi wa demu wake, Hazel Williams, akaivua bodi yote. Akaunda bodi mpya ya plaiwudi iliyofunikwa na aluminiamu, akitumia akili ya ndege, maana pia alikuwa anajifunza kuruka na kikosi cha wanahewa cha chuo. Hazel hakuwa wa kuleta chai peke yake, alishika spana pia. Gari ilipomalizika waliipeleka mashindano ya kupanda milima ya matope. Chapman aliibatiza Lotus. Mpaka anaingia kaburini hakuwahi kuambia watu wazi wazi hilo jina lilitoka wapi.

Injini ya bei rahisi, akili ya bei ghali

Gari ya pili ilipata injini ya Ford. Ya tatu ndio ilifanya watu wageuze shingo. Mwaka wa 1951 kulikuwa na mashindano ya watu wasio na doo, sheria ikisema lazima utumie sehemu za Austin Seven. Injini yake ilikuwa na silinda nne lakini matundu mawili tu ya kuingiza hewa na petroli, yaani silinda mbili zinagawana mlango mmoja. Chapman akasoma sheria mstari kwa mstari, akaona hakuna mahali imekataza kugawanya hiyo njia katikati. Akaigawanya. Kila silinda ikapumua kivyake, na wenzake wakabaki kuona taa za nyuma. Baadaye wenye mashindano wakabadilisha sheria kumfungia.

Tarehe 1 Januari 1952 akafungua kampuni kwa zizi la zamani la farasi nyuma ya baa ya mbuyu wake. Mtaji aliokopa kwa Hazel ulikuwa pauni 25. Mchana alikuwa ameajiriwa kwa kampuni ya aluminiamu, usiku yuko zizini. Walioana 1954.

Hapo ndio biashara ya kiti ilianza. Kwa Uingereza ya wakati huo gari mpya ilikuwa inalipiwa kodi kubwa ya mauzo. Lakini ukiuziwa vipande, ukajifungia mwenyewe nyumbani, hiyo kodi ilikuwa inakupita. Wewe unajua hii kitu hata kwetu: magari yanayokuja vipande vipande yakaungwa Thika ama Mombasa hayatozwi ushuru kama yale yanayoshuka kwa meli yakiwa mazima. Chapman akauza fremu ya mabomba myembamba, nyepesi sana, kama kilo 25 ikiwa tupu, pamoja na bodi na vitu vingine. Injini na giaboksi unatafuta wewe, mara nyingi kutoka kwa Ford ya kawaida ya familia. Hiyo ilikuwa Lotus Mark VI, na kama 100 hivi zilitoka.

Mwaka wa 1957 ikafuata Lotus Seven. Haina milango, haina paa la maana, haina mchezo. Ilikuwa na injini ya Ford ya sisi 1172 na giaboksi ya gia tatu, vitu ambavyo kwa gari ya mzee wa kanisa vinalala. Lakini kwa gari nyepesi hivyo vilikuwa moto. Kuna stori inasimuliwa mpaka leo kwamba sheria ya kodi ilikataza kiti kuja na maelezo ya kuiunga, kwa hivyo Lotus wakakuandikia maelezo ya kuifungua, halafu wewe unasoma kutoka mwisho kuja mwanzo. Huyo ndiye Chapman. Ukimwekea ukuta anatafuta mlango.

Kazi yenyewe inaendaje

Sasa wacha nikuonyeshe venye mnunuzi wa Seven alikuwa anasumbuka kwa garaji yake, maana hatua ni zile zile za fundi wetu chini ya mgunga.

Kwanza unaunga injini na giaboksi zikiwa nje, chini. Hapo katikati kuna pleti ya klachi, na lazima ikae katikati kabisa kabla ukaze kifuniko chake. Ikikaa upande hata kidogo, shafti ya giaboksi haitaingia kwa beringi ndogo iliyo mwisho wa krenki. Makosa ya wasee wengi ni kuona giaboksi imegoma, halafu wanavuta na bolti kwa nguvu. Utapasua nyumba ya giaboksi na utalia. Ikigoma, toa, angalia pleti, rudisha polepole.

Pili, unainua zote mbili kwa mnyororo zikiwa kitu kimoja, mkia wa giaboksi ukiangalia chini, unaziteleza kwa gari kutoka mbele. Bolti za mauntini unaziacha zimelegea. Kila kitu kikishakaa mahali pake ndio unakaza. Ukikaza moja mapema zingine hazitafika mashimo yake.

Tatu, propela. Urefu wake lazima uache nafasi kidogo ya kucheza mbele na nyuma, juu ekseli ya nyuma inapanda na kushuka ukigonga shimo. Na mlalo wa injini lazima ulingane na mlalo wa difu. Visipolingana gari itatetemeka mpaka meno yako yagongane.

Nne, kitu kidogo ambacho huaibisha watu: waya nene wa kurudisha umeme kutoka injini mpaka chesisi. Injini imekaa juu ya mauntini za raba, na raba haipitishi umeme. Ukisahau huo waya, stata inagoma, ama umeme unatafuta njia kwa kebo ya klachi na kuichoma. Halafu weka oili kwa injini na kwa giaboksi kabla hujapiga stata. Usicheke. Iko watu wamesahau.

Siku injini iligeuka kuwa gari

Kumbuka nilikuambia alisomea majengo. Hapo ndipo akili yake ilitofautiana na ya makanika wengine. Fundi wa kawaida anaona fremu, halafu injini ni mzigo ambao fremu inabeba. Chapman aliangalia kila chuma na kuuliza kinabeba uzito gani, na kama hakibebi chochote, kiko hapo kufanya nini. Imani yake ilikuwa gari nyepesi itashinda gari yenye nguvu, maana wepesi unakusaidia ukikata kona, ukifunga breki na ukiondoka, si kwa barabara nyoofu tu.

Timu yake iliingia Formula One mwaka wa 1958. Mwaka wa 1962 akaleta Lotus 25, ambayo iliacha fremu ya mabomba ikatumia ganda moja la aluminiamu kama la ndege. Dereva wake Jim Clark, mkulima mpole wa Scotland, akashinda ubingwa wa dunia 1963 na 1965. Mwaka huo wa 1965 wakaenda mpaka Marekani wakabeba Indianapolis 500.

Lakini kazi yake kubwa kuhusu injini na giaboksi ilikuja 1967. Chapman aliwaendea watu wa Ford, wakakubali kutoa pauni 100,000 ili Keith Duckworth wa Cosworth atengeneze injini mpya ya V8. Gari ya kuibeba ikawa Lotus 49, aliyoichora pamoja na Maurice Philippe. Na hapo ndio ujanja. Ganda la gari lilikuwa linaishia nyuma ya mgongo wa dereva. Hakukuwa na fremu ya kubeba injini. Injini yenyewe ilifungwa na bolti kwa hilo ganda, giaboksi ikafungwa nyuma ya injini, na saspensheni ya magurudumu ya nyuma ikashikiliwa huko huko. Yaani ukitoa injini, nusu ya gari inaenda nayo.

Ilitoka mara ya kwanza Zandvoort, Uholanzi, tarehe 4 Juni 1967. Clark akashinda siku hiyo hiyo. Si Chapman wa kwanza kabisa kuwaza hivyo, lakini yeye ndiye aliifanya ikawa kawaida ya kila mtu. Hiyo injini ilikuja kushinda mbio 155 za Formula One ikiwa kwa magari ya timu tofauti. Na zile ndai za Formula One unaziona leo kwa runinga wikendi, zote zimefungwa injini kwa huo mtindo.

Kila Lotus ikishinda, Chapman alikuwa anaruka kwa lami na kurusha kofia yake nyeusi juu. Kwa miaka yake timu ilichukua mataji 7 ya waundaji, ya mwisho 1978 na Mario Andretti, wakitumia gari iliyonyonywa chini na hewa kama imegundishwa na gluu. Kwa chali aliyeanza na Austin ya kukataliwa, hiyo ni noma.

Bei ya wepesi

Lakini ngoja. Ukitoa chuma kila mahali, siku moja utatoa chuma iliyokuwa inashikilia uhai wa mtu.

Mwaka wa 1960 pale Spa, Ubelgiji, Stirling Moss alipotewa na gurudumu la Lotus yake kwenye mazoezi akavunjika miguu. Siku hiyo hiyo usukani wa Mike Taylor ukakatika. Alipona lakini hakurudi tena kwa mbio, akashtaki kampuni na akashinda. Tarehe 7 Aprili 1968 Jim Clark akafa Hockenheim, Ujerumani, gari yake ilipoingia miti. Clark hakuwa dereva tu kwa Chapman, walikuwa wameishi kama ndugu. Watu waliomjua wanasema hakuwahi kuwa yule wa zamani. Mwezi uliofuata akampoteza Mike Spence kule Indianapolis.

Halafu kuna Jochen Rindt. Huyu aliogopa wazi wazi. Baada ya bawa la Lotus kuvunjika Barcelona 1969 na kumuumiza, alimwandikia Chapman barua akimsihi aongeze chuma kidogo mahali pa hatari, hata kama gari itapunguza kasi. Alibaki kwa timu, maana Lotus ndio ilikuwa gari ya kushinda. Tarehe 5 Septemba 1970 pale Monza, Italia, shafti ya breki ya mbele ikakatika akiwa anafunga breki. Alifariki. Pointi zake hazikufikiwa na mtu, kwa hivyo akawa bingwa wa dunia akiwa tayari amezikwa. Hakuna mwingine amewahi kushinda hivyo. Na 1978, mwaka ule wa taji la mwisho, Ronnie Peterson akafa baada ya ajali ya Monza mwanzo wa mbio.

Siwezi kukuambia kila kifo kilikuwa makosa ya Chapman. Zamani hizo mbio ziliua watu kwa kila timu. Lakini alijua pale mstari ulipo kati ya nyepesi na dhaifu, na alipenda kutembea juu yake. Waliokalia kiti walikuwa wengine.

Mwisho wenye giza

Miaka ya mwisho pesa zilimletea shida. Alipata kazi ya kumsaidia John DeLorean kuunda gari ya kiwanda cha karibu na Belfast, kiwanda kilichojengwa na pesa za walipa kodi wa Uingereza. Zaidi ya dola milioni 17 zilipitia kampuni moja iliyosajiliwa Panama na hazikufanya kazi iliyokusudiwa. Uchunguzi ukiwa bado unaanza, tarehe 16 Desemba 1982, Chapman akapatwa na mshtuko wa moyo nyumbani kwake Norfolk. Hakuwahi kushtakiwa. Mhasibu wake wa miaka mingi, Fred Bushell, alifungwa 1992, na jaji akasema wazi kwamba Chapman angekuwa hai angepigwa si chini ya miaka 10.

Yule chali aliyesoma sheria akitafuta mwanya wa silinda ndiye huyo huyo. Akili ile ile iliyomjenga ndiyo ilimpeleka huko.

Urudi nayo nyumbani

Lotus Seven haikufa. Mwaka wa 1973, wakati kodi mpya ilimaliza faida ya kununua vipande, haki zake zilienda kwa Caterham, na mpaka leo unaweza kuletewa vipande ujifungie mwenyewe.

Hapa kwetu tulijaribu pia. Mwaka wa 1986 Rais Moi aliwaambia Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari ya Kenya, na 1990 Nyayo Pioneer ikaonyeshwa kwa umma. Zilitoka gari chache za majaribio, kiwanda kikakosa pesa, stori ikaishia hapo. Usifikirie akili ndio ilikosekana. Akili ya kufunga injini iko River Road, iko Gikomba, na iko Oldonyiro chini ya ule mti.

Kwa hivyo wewe mwenye injini ya Probox kwa keja na ndoto ya kuifunga kwa chesisi yako, anza. Chapman hakungoja garaji kubwa, na mtaji wake ulikuwa wa kukopa kwa mpenzi. Weka pleti katikati, acha mauntini zikae kabla ukaze, na usisahau waya wa kurudisha umeme. Punguza kila chuma isiyo na kazi. Lakini ukifika kwa breki, usukani na ile inayoshika gurudumu, hapo ongeza. Barabara ya kutoka Oldonyiro hadi Isiolo iko na mashimo ya kutosha, na nyuma utakuwa umebeba watu.